Konda wa 46 na injini za mito

Jioni katikati ya jiji la Nairobi, konda haiti jina la gari. Nganya, yaani matatu iliyopambwa, imechorwa mwanamuziki ubavuni, jina limeandikwa kwa rangi za kuwakawaka, lakini yeye anapaza namba tu. Abiria wa Hurlingham na Kawangware husikiliza 46. Wa Westlands na Kangemi husubiri 23, na wa Kikuyu 105.

Jina ni la gari, namba ni ya njia. Gari likipakwa rangi upya, jina nalo hupotea. Namba hubaki, na nyingi zina asili katika mabasi ya Kenya Bus Service, kampuni iliyoanza mwaka 1934. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao kutoka Marekani walitoa ramani ya njia zaidi ya 130 za matatu, na namba zilizochapishwa humo ni zile zile za makonda.

Waundaji wa injini za ndege nao huumiza vichwa kwa swali hilo hilo la jina au namba. Mfano uko Koinange Street, zamani Sadler Street, lilipo jengo la Sadler House. Humo ndimo yalimokuwa makao makuu ya East African Airways. Shirika hilo lilipopata ndege za Comet mwaka 1960, injini zake ziliitwa Avon. Super VC10 zilipofuata mwaka 1966, zikaja na Conway. Yote mawili ni majina ya mito ya Uingereza.

Hayakuja kwa bahati. Rolls-Royce, iliyounda Avon na Conway, ilikuwa imezipa injini zake za pistoni majina ya kozi na jamaa zake: Kestrel, Merlin, Peregrine. (Ndege wa manyoya hao, si wa bati.) Injini za jeti zilipofika, hewa ikawa inapita ndani mfululizo kama maji, basi zikapewa mito. Wakazi wa Nairobi hawana haja ya kushangaa. Jiji lao lenyewe lilipata jina kutokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi.

Tatizo la mito ni kwamba haihesabiki. Fundi akiambiwa Avon na Conway, hawezi kujua ipi ina nguvu zaidi. Injini za Trent, nazo za jina la mto, zikaongezewa namba za kutofautisha aina: 700, 800, 1000. Trent 800 ilifika hadi Nairobi, chini ya mabawa ya Boeing 777-200ER za Kenya Airways. Huo ni mtindo wa matatu kabisa, jina la kupendeza na namba ya kazi, na ndio bora kuliko yote.

Wengine hawakujali masikio. Boeing 737-800 za Kenya Airways huruka na CFM56, jina lililounganishwa kutoka CF6 ya General Electric na M56 ya Snecma ya Ufaransa. Ni kama mtoto aliyepewa majina ya babu wote wawili ili ukoo usigombane. Halitamkiki vizuri, ila linaeleza wazazi.

Hata Rolls-Royce yenyewe wakati mwingine huuacha mto: injini kubwa iliyoanza kujaribiwa mjini Derby, Uingereza, mwaka 2023 inaitwa UltraFan. Ni jina la tangazo, halina mto wala namba, na toleo la pili litakapokuja itabidi watafute cha kuongeza.

Konda wa Kawangware hana shida hiyo. Gari jipya likiletwa kesho, lichorwe lolote, bado ataita 46.