Pasipoti Mpya, Akaunti ya Zamani

Tangu kadi za ukaazi za BRP zilipoacha kutumika, swali linalorudi kwenye mikutano ya jumuiya yetu hapa Uingereza ni moja: "Viza ya mtandaoni ninayo, nimeiona kwa macho yangu kwenye simu, mbona nimezuiwa kupanda ndege?" Likizo za watoto zikikaribia kwisha, simu za namna hiyo huongezeka. Dada yetu mmoja aliyekwenda Dar es Salaam kumzika baba yake aliachwa uwanjani na watoto wawili, tiketi mkononi, wakati ukaazi wake wa kudumu hauna mwisho. Ndipo tulipoona tuandike.

Namna ya kufungua akaunti ya UKVI, ile inayobeba viza ya mtandaoni, sitaieleza. Waliohitaji msaada huo wameshaupata msikitini, kanisani au kwa watoto wao. Kinachowanasa watu ni pasipoti.

Yule kijana wa kaunta ya shirika la ndege haoni akaunti yako. Anachokifanya ni kusoma pasipoti yako kwa mashine, na taarifa zake, yaani namba, majina, tarehe ya kuzaliwa na uraia, hupelekwa Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza, ambayo wengi wetu tunaiita Home Office. Jibu hurudi papo hapo: abiria ana ruhusa, au haikuonekana. Kompyuta inaitafuta ruhusa yako kwa namba ile ile iliyosomwa. Kama uliibadilisha pasipoti ubalozini mwaka jana na hukuiambia akaunti, basi kwa kompyuta ile wewe ni mtu mwingine. Kijana wa kaunta naye anajua kwamba shirika likimleta Uingereza abiria asiye na hati zinazotakiwa, linaweza kutozwa pauni 2,000. Atakuonea huruma, lakini hatakupandisha.

Zamani haikuwa hivyo. Kadi ilikuwa inajitegemea. Ulikuwa unaweza kubadilisha pasipoti mara tatu, na kadi ikaendelea kusema huyu ana haki ya kuishi hapa. Mazoea hayo ndiyo yanayotuumiza. Tunachukua pasipoti mpya, tunafurahi kwamba imetoka baada ya kusubiriwa kwa miezi, tunaiweka kabatini, na siku ya safari tunaitoa ikiwa haijulikani na mtu yeyote London.

Basi siku unayoipokea pasipoti mpya, kabla hujafanya jingine, ingia kwenye akaunti ukabadilishe hati ya kusafiria. Usingoje wiki ya safari, kwa sababu badiliko halifanyiki pale pale. Linapelekwa, linakaguliwa, ndipo unapojibiwa. Ukijibiwa, usiishie kwenye barua pepe ya kukushukuru. Ingia tena, usome namba ya pasipoti inayoonekana, uilinganishe tarakimu kwa tarakimu na ile iliyo mkononi. Tazama na majina. Sisi watu wa majina matatu tunaandikwa kila ofisi kwa mpangilio wake, na tiketi nayo inanunuliwa na shemeji aliyeandika majina mawili tu. Picha na tarehe vitazame pia. Wapo waliokuta hata picha si yao. Kosa kama hilo hurekebishwa kwa fomu ya kuripoti makosa ya viza ya mtandaoni, na si kazi ya kufanya ukiwa kwenye foleni ya mizigo.

Watoto nao wasisahauliwe. Mtoto asiye raia wa Uingereza anahitaji viza yake mwenyewe, hata akiwa na miezi minane, na mzazi ndiye anayemfungulia. Tumeona baba na mama wamekamilika, na mtoto wa katikati hayumo.

Kuna mtego mwingine unaotuhusu sana sisi. Wengi walifunguliwa akaunti na wakala, au na kijana wa duka la intaneti, akatumia barua pepe yake mwenyewe na namba yake ya simu. Kila ukitaka kuingia, msimbo unakwenda kwake. Wakala akihama au mkikosana, umefungiwa nje ya hati yako mwenyewe. Kama huna hakika msimbo unakwenda kwa nani, jaribu kuingia leo.

Sasa niseme la moyoni. Serikali ilichapisha tarehe 31 Desemba 2024 kwenye kadi za watu ambao ruhusa zao hazikuwa zinakwisha siku hiyo, wakiwamo wenye ukaazi wa kudumu. Watu karibu milioni 4 wakaambiwa wahamie mtandaoni. Mwanzoni mwa Desemba, zikiwa zimebaki wiki chache, ikatangazwa kwamba kadi zilizoisha zitakubaliwa kusafiria hadi 31 Machi 2025. Baadaye ikawa 1 Juni 2025. Anayesogeza tarehe namna hiyo anajua mfumo wake haujawa tayari. Lakini kitu kidogo kilichoombwa tangu mwanzo, karatasi au kadi ya akiba mtu aitembeze mkononi, kilikataliwa.

Na si kwamba hawakuonywa. Raia wa nchi za Umoja wa Ulaya ndio waliotangulia kupewa hadhi ya mtandaoni tupu kutokana na Brexit, na walilalamika mapema. Oktoba 2020 Baraza la Malodi lilipiga kura kwamba wapewe uthibitisho wa kushikika. Baraza la Makabwela likaukataa. Miaka miwili kabla ya hapo, Aprili 2018, waziri wa mambo ya ndani Amber Rudd alikuwa amejiuzulu kwa kashfa ya Windrush, ambapo wazee waliokuja kihalali toka Karibea walinyimwa kazi na matibabu, na wengine kufukuzwa nchini, kwa kuwa hawakuwa na karatasi. Kadi zao za kushukia melini wizara yenyewe ilikuwa imeziharibu mwaka 2010.

Tena nchi hii inajua vizuri gharama ya kuiamini kompyuta kuliko mtu. Kwa sababu ya mfumo wa hesabu wa Horizon, wasimamizi zaidi ya 900 wa matawi ya posta walitiwa hatiani kati ya 1999 na 2015 kwa upungufu wa fedha ambao mara nyingi haukuwapo. Desemba 2019 jaji alisema wazi kwamba mfumo ulikuwa na kasoro, na bado ilibidi watu waone tamthilia ya televisheni juu ya kisa hicho Januari 2024 ndipo wanasiasa waamke na kupitisha sheria ya kufuta hukumu hizo kwa mkupuo. Mahakama za England huanza kwa kuamini kwamba kompyuta ilifanya kazi sawasawa, mpaka anayeshitakiwa aonyeshe vinginevyo. Kaunta ya uwanja wa ndege huanza hapo hapo, ila wewe huna wakili.

Septemba 2025 waziri mkuu Keir Starmer alipotangaza kitambulisho cha kidijitali kwa kila anayetafuta kazi, wananchi zaidi ya milioni 2 walitia saini kupinga. Sisi tulikuwa tumeshabebeshwa mfumo wa namna hiyo, na hatukusikika.

Kwa hiyo mwenye safari ajilinde. Chukua kwenye akaunti msimbo wa kumwonyesha mtu mwingine hadhi yako (share code), wa herufi na namba 9, kabla ya kuondoka, na ukumbuke unadumu siku 90. Anayekaa nyumbani miezi minne achukue mwingine akiwa huko huko. Chapisha ukurasa unaoonyesha hadhi yako. Beba barua ya ruhusa, pasipoti ya zamani na kadi ya BRP iliyokwisha. Haikupandishi ndege tena, lakini usiitupe, maana namba yake bado inaweza kukufaa. Ukikataliwa kaunta, usigombane na kijana. Mwombe kwa upole msimamizi wake apige simu kwenye kituo cha Home Office kinachohudumia mashirika ya ndege saa 24. Wafanyakazi wengi wa viwanja vyetu hawakumbuki kwamba kipo. Wakikataa kabisa, omba sababu kwa maandishi, na utunze risiti za tiketi mpya na hoteli.

Kazini ni vilevile. Mwajiri hutaka msimbo unaoanza na W, mwenye nyumba R, wengine S. Ukimpa usio wake hatauona ukurasa, na tangu Februari 2024 mwajiri anayemwajiri asiye na ruhusa anaweza kutozwa hadi pauni 45,000 kwa kila mfanyakazi kwa kosa la kwanza, hivyo hatakusubiri ujieleze.

Ukikwama, mwandikie mbunge wa unapoishi. Si lazima uwe raia ili ofisi yake ikufuatilie. Na Wakenya, Watanzania, Waganda na Wanyarwanda wenye ruhusa ya kukaa hapa wana haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa Uingereza, kwa kuwa nchi zao zimo katika Jumuiya ya Madola. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi hawana haki hiyo, kwa hiyo tuwasemee na wao. Kujiandikisha ni kazi ya dakika chache. Kwenye kituo cha kupigia kura wanataka kitambulisho chenye picha, na pasipoti ya Kenya au Tanzania inakubaliwa.