Mwanao Aandikaje Mia na Tano?

Wazazi wapenzi, mwambieni mtoto wa darasa la pili aandike mia moja na tano. Wako watakaoandika 1005. Mzazi mwenye haraka atamwita mjinga. Lakini sisi twaona kwamba mtoto huyo ameandika sawasawa alivyosikia, kwanza 100, kisha 5. Asilolijua bado ni kwamba tarakimu hupata thamani kwa mahali ilipokaa.

Huko Lalago, wilayani Maswa, jambo hili halikomei darasani. Ile ni nchi ya pamba, na mkulima hulipwa kwa kilo. Asiyepambanua 105 na 150 aweza kupoteza kilo 45, na wala asijue kwamba amepoteza.

Basi mzazi na akusanye vijiti. Kila vijiti kumi vifungwe kwa uzi viwe fungu, na mafungu kumi yafungwe pamoja yawe mzigo mmoja. Kisha achore chini vyumba vitatu: mamoja upande wa kuume, makumi katikati, mamia upande wa kushoto. Mtoto aweke mzigo mmoja chumba cha mamia, na vijiti vitano chumba cha mamoja. Chumba cha kati ki tupu. Hapo aulizwe: tuandike nini? Msimjibie upesi. Akishatambua kwamba pengo lile lataka alama, ndipo aambiwe kuwa sifuri latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya "tupu". Hesabu hii ya tarakimu ilianzia kwa Wahindi. Al-Khwarizmi wa Baghdad akaieleza kitabuni katika karne ya 9, na Wazungu wakaipata baadaye kwa tafsiri ya Kilatini.

Tena, neno "thelathini" halimwonyeshi mtoto makumi yoyote. Kisukuma kimemtangulia, maana ishirini kwao ni makumi mawili. Mzazi Msukuma asione haya kuhesabu na mwanawe kwa lugha ya nyumbani.

Na wale wasomao chuoni wapewe Msahafu watafute sura ya 105. Kwa tarakimu za Kiarabu ni ١٠٥, na sifuri yenyewe ni nukta tu, rahisi kurukwa na jicho. Atakayeifikia atakuta Al-Fil, yenye aya 5. Atakayeiruka nukta atajikuta katika sura ya 15, Al-Hijr, mbele ya aya 99.