Meshi ya Bomba: Ulipe Pesa au Ulipe Muda?

Bomba la chuma lenye kipenyo cha ndani cha milimita 100, ukuta wa milimita 10 na urefu wa mita moja, mwanafunzi wa uhandisi hulichora kwa dakika chache. Shida huanza anapotaka kuligawa liwe meshi yenye mpangilio, yaani elementi za tofali zilizopangwa safu kwa safu. Meshi ya namna hiyo hudai kila uso uwe na pembe nne, na pande zinazotazamana ziwe na migawanyo sawa. Ncha ya bomba ni pete, na pete haina pembe hata moja. Dawa yake ni kuikata pete vipande vinne. Kila kipande kinapata pembe zake, na kazi inasonga. Ukizilinganisha programu sokoni, sehemu kubwa ya unacholipia ni nani atakayeifanya kazi hiyo ya kukata.

Kuna njia isiyokata chochote: bonyeza kitufe, upewe tetra, yaani elementi zenye nyuso nne za pembetatu. Ni bure kwa jasho, ghali kwa hesabu. Chukua bomba letu lenye tabaka 4 kwenye unene, migawanyo 64 kwa mzunguko na 100 kwa urefu. Hizo ni elementi za tofali 25,600. Tofali moja halikatiki kuwa tetra chini ya 5, kwa hiyo kwa usongamano uleule wa nodi, yaani nukta zinazounganisha elementi, unafika tetra 128,000 au zaidi. Ukitumia tetra za nodi nne ili kupunguza mzigo, ukuta unakuwa mgumu kuliko chuma chenyewe na mkazo unatoka pungufu. Mimi siipendekezi kwa ukuta mwembamba.

Kwa asiye na bajeti, ya kwanza kutazamwa ni Gmsh, programu ya Christophe Geuzaine na Jean-François Remacle. Ina leseni ya GPL, haikuzuii kufanya kazi za kulipwa, na inakwenda kwenye Windows, Linux na macOS. Unachora robo nne za pete, unaandika Transfinite kwenye mistari na nyuso, Recombine ili pembetatu zigeuke pembenne, kisha unaivuta pete kwa tabaka 100. Ukishaizoea, faili lote halizidi ukurasa mmoja, na kubadili unene ni kubadili namba moja. Ila ina vijimambo vyake. Ukiomba elementi za daraja la pili inakupa tofali za nodi 27, ilhali CalculiX, kikokotozi cha bure kinachofuatana nayo vizuri, kinataka za nodi 20; kwa hiyo washa Mesh.SecondOrderIncomplete kabla hujaanza kulaumu kompyuta. Pia taja Physical Volume, la sivyo faili utakalotoa litabeba mistari na nyuso ambazo hukuzihitaji.

Ukiwa mtu wa OpenFOAM, programu ya kukokotoa mtiririko, blockMesh yake nayo ni bure, lakini bomba hili litakudai uandike kwa mkono nukta 16, bloku 4 na tao 16. Ukikosea mpangilio wa nukta, bloku inageuka ndani nje. Na kama unachotaka ni maji yanayopita ndani, si ukuta, hapo hakuna uwazi tena: unahitaji bloku 5, moja ya mraba katikati na nne zikiizunguka. Sioni sababu ya kuichagua kwa kazi ya mkazo wa chuma.

Upande wa kulipia, Ansys inakuondolea ukataji. Unaipa pete nzima, unachagua Face Meshing, unataja idadi ya tabaka, basi. Leseni ya kibiashara haina bei ya rafuni. Unaomba kwa wakala, unaandikiwa makadirio. Toleo la wanafunzi ni bure, la Windows pekee, haliruhusiwi kwa kazi ya biashara, na kwa mikazo lina ukomo wa nodi 128,000. Hapo ndipo hesabu inapokuwa tamu. Bomba letu likiwa na tofali za nodi 20 lina nodi 122,496, linapita kwa taabu. Ongeza tabaka moja tu kwenye unene, zinakuwa 148,288, na mlango umefungwa. Toleo la wanafunzi la Abaqus lina mlango mwembamba zaidi: nodi 1,000.

Hata hivyo nodi 1,000 zinatosha kama mzigo ni presha ya ndani peke yake. Huhitaji bomba zima; sanifu mstatili mmoja wa ukuta, elementi 4 kwa 100, uutangaze kuwa unazunguka mhimili. Nodi 505, jibu lilelile. Mzigo ukipinda bomba, ujanja huu haufai.

Programu yoyote utakayochagua, ipime kabla ya kuiamini. Fomula ya Lamé haina leseni: kwa presha ya ndani ya MPa 10, mkazo wa mzingo mbali na ncha lazima uwe karibu MPa 55.5 kwenye uso wa ndani na MPa 45.5 kwa nje. Meshi ya Gmsh ikikokotolewa na CalculiX, na Ansys pia, zote zitakupa namba hizo ukiwa umepanga meshi sawasawa.

Kwa bomba lililonyooka, basi, kulipia programu kwa ajili ya meshi ni kutupa pesa. Hali hubadilika bomba likiwa na matawi, mfano kiungo cha T chenye kuta za unene tofauti. Kukata bloku hapo kwa mkono kunaweza kula wiki, na ofisi inayolipa mishahara ya wahandisi ikichukua leseni, nitaielewa. Mwanafunzi aanze na Gmsh na CalculiX.