Chakula cha Safarini: Usingoje Basi Lisimame

Likizo imefika. Tiketi ya kwenda Mombasa iko mfukoni na nguo zimeshapangwa. Lakini nikikuuliza utakula nini njiani, huenda ukanijibu, "Tutaona huko mbele." Leo nataka tuzungumze juu ya huko mbele, hasa kwako wewe mwenye ugonjwa wa kisukari, au unayesafiri na mzazi aliye nao.

Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni karibu kilomita 480, na Mtito Andei, ambapo mabasi mengi husimama watu wale, ni karibu nusu ya njia. Siku njema hufika pale kabla ya njaa kukubana. Lakini ni nani anayejua kama leo ni siku njema? Lori likianguka, mnakaa papo hapo saa mbili, saa tatu.

Niliwahi kukwama hivyo baada ya kupita Emali. Viti viwili mbele yangu alikuwa mzee mmoja na mkewe. Mzee alianza kutokwa na jasho, mikono ikamtetemeka, kisha akawa anajibu maneno yasiyoeleweka. Kijana mmoja akacheka akasema mzee ameanza Krismasi mapema. Mama akawa anamtikisa, "Baba Mwende! Baba Mwende!" Nilipomuuliza, akaniambia mumewe alidungwa sindano yake ya insulini alfajiri, akanywa chai ya rangi tu kwa sababu waliogopa kuachwa na basi. Mzee hakuwa amelewa. Sukari ilikuwa imeshuka mwilini.

Msikilizaji, tumezoea kusikia kwamba mgonjwa wa kisukari hatari yake ni sukari kupanda. Ni kweli, lakini kushuka kunaweza kumuua kwa muda mfupi zaidi. Insulini, na baadhi ya tembe za kisukari, huteremsha sukari hata kama tumbo ni tupu. Dawa haijui kwamba barabara imefungwa.

Ukiona dalili hizo, na mgonjwa bado anaweza kumeza, mpe kitu kitamu mara moja: vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, au nusu ya chupa ndogo ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Ngoja dakika 15. Kama bado hajapata nafuu, mpe tena kiasi hicho hicho. Akizinduka vizuri, ale chakula cha kushibisha. Lakini akiwa amezimia usimtie chochote mdomoni, kitamsakama. Mlaze kwa ubavu na mwambie dereva atafute hospitali iliyo karibu. Yule mzee wetu aliponea soda ya mtoto wa jirani.

Kwa hivyo kabla ya safari, pitia kliniki uulize dawa utaipangaje siku hiyo. Usiiache kwa uamuzi wako mwenyewe. Na insulini isiingie kwenye buti la basi pamoja na masanduku, maana joto la huko huiharibu. Kaa nayo mkobani, mbali na jua.

Sasa tupike. Amka mapema uchemshe viazi vitamu au nduma, na mayai uyaache na maganda yake. Ongeza ndizi, machungwa na njugu kidogo. Vyakula hivi havimwagiki, na tunda unalomenya mwenyewe halijashikwa na mikono ya watu kumi. Nyama ya mchuzi au githeri ya jana ziache nyumbani. Chakula kilichopikwa kikikaa kwenye joto zaidi ya saa mbili, vijidudu huzaana humo hata kama hakinuki, na jua la Makueni ni kali kuliko la Limuru.

Beba maji pia. Wengi wetu hatunywi maji safarini kwa kuogopa kumwomba kondakta asimamishe basi. Tunakauka siku nzima, kisha jioni tunalalamika kichwa na kufunga choo. Kunywa kidogo kidogo. Soda si badala ya maji: chupa ya nusu lita ya kola ina takribani gramu 53 za sukari, karibu vijiko 13 vya chai. Hungethubutu kuvitia kwenye kikombe kimoja mbele ya mama mkwe.

Basi likisimama, usikimbilie chipsi zilizolala kwenye kabati la kioo. Uliza kama kuna ugali au chapati na maharagwe au ndengu, na sukuma wiki, vitoke jikoni vikifuka moshi. Osha mikono kwa sabuni hata kama kondakta anapiga honi.

Na Mombasa kwenyewe? Sitakuambia upite Mombasa bila kula mahamri na mbaazi, mimi mwenyewe siwezi. Mbaazi ni chakula kizuri sana. Kula mahamri mawili, si sita, na usiyafuatishe viazi karai na kaimati asubuhi hiyo hiyo. Mchana kuna samaki, na wali wa nazi wa kiasi. Dafu likatwe ukiona, lakini mwenye kisukari akumbuke nalo lina sukari kidogo.

Jambo la mwisho ni watoto. Tia mkobani pakiti mbili tatu za ORS. Mtoto akiharisha, changanya kwa maji safi ya kunywa, kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti, na umpe kidogo kidogo huku akiendelea kunyonya au kula. Ukiona damu kwenye choo, macho yameingia ndani, au anatapika kila anachokunywa, likizo isimame na umpeleke hospitali saa hiyo hiyo.

Safari njema, msikilizaji.