Tufe la Jaribosi na Nyundo Nzito

Katika mwaka 2018 watu wengi wa Japani walishughulika na kazi moja ya ajabu: waliichukua jaribosi, yaani karatasi ya alumini ifungiwayo vyakula, ambayo wengi leo huiita foili, wakaikunja na kuigonga mpaka ikawa tufe ling'aalo kama kioo. Vijana wa madrasa yetu walipopata habari hiyo walituomba tuifanye pamoja nao siku za mapumziko. Tulikubali kwa sharti moja, kwamba tusitumie zaidi ya bunda moja, kwani israfu yakatazwa hata katika mchezo. Bunda hilo la mita 16 tukaligawa: nusu yetu, nusu yao.

Njia yenyewe ni hii. Jaribosi hukusanywa kwa mikono pole pole, pasipo kubanwa, mpaka iwe mviringo. Kisha hugongwa kwa nyundo nyepesi ya mti, huku yageuzwa kila mara, ili hewa iliyo kati ya matabaka ipate kutoka. Ikisha kuwa ngumu, ndipo hugongwa kwa nguvu zaidi. Baadaye husuguliwa kwa msasa: kwanza wa namba 240, kisha 400, 800, hata 2000, na mwisho kwa kitambaa na dawa ya kung'arishia vyuma. Msasa na uloweshwe maji, vumbi lisiruke likaingia kifuani. Wala tufe lisitiwe kabisa katika jiko la maikrowevu, kwani hutoa cheche na huweza kuleta moto.

Vijana walifuata hayo. Sisi, kwa haraka yetu, tulishika nyundo ya chuma tangu mwanzo. Ngozi ya tufe letu ikaziba upesi, likang'aa kabla ya lao, nasi tukajisifu. Kumbe hewa imefungwa ndani. Jaribosi ya mita 8, yenye upana wa sentimita 30, ina uzito wa gramu 100 hivi. Lau ingeshikana barabara, tufe lake lingekuwa na kipenyo cha sentimita 4 na kidogo. Lao lilifika sentimita 5 kasoro. Letu lilikwama katika 6, na tulipolisugua likapasuka, yakaonekana mapango.

Kijana mmoja akasema kwa adabu, "Maalim, umelipiga kabla halijakaa."

Neno hilo lilituchoma. Tulimkumbuka mwanafunzi wetu wa zamani, ambaye tulimchapa bakora tangu wiki ya kwanza kwa kukosea herufi. Upesi alisoma mbele yetu bila kosa, nasi tulimtolea mfano kwa wenzake. Lakini mapenzi ya kusoma hayakumwingia, na siku alipopata nafasi aliondoka, asirudi tena. Kosa lilikuwa letu.

Enyi wazazi na walimu wenzetu, mtoto asomaye kwa hofu hung'aa mbele ya mwalimu tu. Mtume wetu (S.A.W.) ametuhimiza upole katika mambo yote, basi na tuanze kwa upole, na ukali ukihitajika uje baadaye, kwa kiasi. Tufe letu lililopasuka tumeliweka juu ya meza ya darasa, lipate kutukumbusha.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyakosa, na awarudishe waliotukimbia. Amin.