Jino Lisilo na Hatia

Jambo lililonikalia moyoni, hata nikalifuata kwa tabibu mmoja wa meno mjini Morogoro, ni habari ya watu wateremkao kutoka vijiji vya Uluguru wameshika shavu, wakiomba kung'olewa gego ambalo, likichunguzwa na kugongwa, halina tundu wala usaha.

Tabibu huyo, mtu mwenye subira, alinionyesha njia yenyewe juu ya fuvu la plastiki kwa kupitisha uzi mwekundu. Misuli ya kutafuna, alieleza, ni jozi nne: mbili zaguswa kwa kidole, shavuni na penye panja, na mbili zimesitirika ndani ya taya. Mmoja katika hiyo iliyositirika una vichwa viwili, na baina ya vichwa hivyo, kwa watu wengi, hupenya mshipa wa fahamu uhisio ngozi ya shavu na ufizi wa magego ya chini. Msuli ukikazika kupita kiasi, kwa kusaga meno usingizini au kwa kutafuna miwa upande mmoja daima, yamkini ukaubana mshipa, na mgonjwa akasikia kuungua au ganzi mahali pasipo na ugonjwa. La ajabu ni kwamba shina moja, tawi la taya la mshipa wa tano wa kichwa, ndilo liuhisishalo ufizi na ndilo liuamrishalo msuli kutafuna; aamuruye ndiye abanwaye.

Haya si maradhi ya uso kupinda, ambayo ni ya mshipa wa saba. Wala elimu yake haijatulia: mwaka 1934 James Costen, tabibu wa masikio huko St. Louis, Marekani, alidai kuwa taya lililosogea hubana mishipa iliyo karibu na sikio, na baadaye wajuzi wa maumbile ya mwili wakaikanusha sehemu kubwa ya hoja yake.

Kwa hiyo tabibu wangu hahukumu upesi. Kwanza huupapasa msuli, humwamuru mgonjwa afumbue kinywa taratibu, kisha humshauri ale vyakula laini, akande shavu kwa kitambaa cha moto na asikaze meno. Wengi, asema, hupata nafuu. Lakini wako wafikao wakiwa wamekwisha kupoteza magego mawili yaliyo mazima, na maumivu yangali yale yale. Na kwa nini mshipa upitao njia ile ile umtese huyu na kumwacha jirani yake salama? Hilo nilimwuliza, naye hakunificha kuwa hana jawabu.