Nazi ya tatu: hesabu ya mafuta yanayopikwa nyumbani

Lita moja ya mafuta ya nazi, ukiyapika mwenyewe nyumbani, hula nazi zipatazo 15. Wanaoyasifu mafuta haya huanza na nywele zinazong'aa na ngozi laini. Ni wachache wanaoanza na kapu la sokoni. Hapa tutaanza na kapu, kwa sababu ndani yake ndimo inamojulikana kama "kujitengenezea" ni nafuu kweli au ni starehe ya mtu mwenye muda.

Nazi iliyofuliwa na kupasuliwa huwa na nyama ya gramu 300 hivi. Nazi kubwa itazidi hapo, ndogo itapungua, lakini 300 ni namba nzuri ya kuanzia. Katika kila gramu 100 za nyama hiyo, 33 au 34 ni mafuta na karibu nusu ni maji. Kwa hiyo nazi moja imebeba gramu 100 za mafuta. Kuyatoa yote ni jambo jingine. Ukikuna kwa mbuzi, ukakamua tui la kwanza na la pili, ukaliacha lijitenge na hatimaye ukalipika, utaondoka na sehemu kama sita katika kumi, yaani mililita 67 kwa nazi. Zile sehemu nne zimebaki kwenye machicha na maji ya chini. Hivyo ndivyo lita moja inavyofikia nazi 15.

Tuchukue bei rahisi ya kupigia hesabu: nazi moja shilingi 1,000 za Tanzania. Mwenye bei tofauti mtaani kwake aiweke yake, mahesabu hayabadiliki. Nazi peke yake ni shilingi 15,000 kwa lita. Kisha kuna mkono. Aliyezoea mbuzi humaliza nazi kwa dakika 5 hivi, kwa hiyo kukuna 15 ni saa moja na robo akiwa ameinama. Ongeza kupasua, kukamua mara mbili, kuchuja na kusimamia sufuria, zinatimia saa 3. (Blenda huokoa kiwiko, ila inakudai uibandue nyama kutoka kwenye kifuu kwanza, na waliowahi kuibandua wanajua kisu kinavyoteleza.) Saa hizo ukizilipa shilingi 1,500 kila moja, malipo ambayo si ya kujivunia, lita imefika shilingi 19,500 na moto bado hujawasha.

Moto ndio unaostahili kutazamwa kwa makini, maana ndiko pesa inakopotelea bila mtu kuiona. Tui la nazi 15, la kwanza na la pili pamoja, ni kama lita 7, na karibu lita 6 kati ya hizo ni maji. Wengi hulitia lote sufuriani na kulichemsha mpaka maji yaishe. Kuyapasha maji lita moja kutoka joto la chumbani na kuyakausha kabisa kunadai nishati ya megajuli 2.5 hivi, kwa hiyo lita 6 zinadai 15. Kilo ya mkaa ina megajuli 29 au 30, lakini jiko la bati la kawaida hufikisha sufuriani sehemu moja tu katika tano. Nyingine inapasha kuta na hewa. Hesabu inatoka kilo 2.5 za mkaa kwa lita moja ya mafuta. Mwenye gesi naye hayuko salama: kilo ya gesi ina megajuli 46, nusu yake hivi hufika sufuriani, kwa hiyo ataunguza gramu 650, zaidi ya sehemu ya kumi ya mtungi wa kilo 6.

Dawa ya hasara hiyo haina bei. Tui likilala usiku mmoja kwenye chombo chenye mfuniko, utando mzito hupanda juu na maji hubaki chini. Asubuhi unauengua utando kwa upawa: ni kama lita 2, nusu yake mafuta na nusu maji. Sasa maji ya kukausha ni lita moja badala ya sita, na mkaa umeshuka kutoka kilo 2.5 hadi gramu 400. Kwa gesi ni gramu 110 hivi. Mafuta ni yaleyale. Kilichobadilika ni subira ya usiku mmoja, na bado wako wanaosimama juu ya sufuria ya tui bichi alasiri nzima wakilalamikia bei ya mkaa.

Halafu kuna vifuu. Nazi 15 huacha zaidi ya kilo 2 za vifuu vikavu, na kifuu huwaka kwa ukali karibu sawa na kuni nzuri. Hata jiko la hovyo kabisa litapata humo megajuli za kutosha kukausha ile lita moja ya maji mara mbili. Aliyeengua utando anaweza kupika mafuta yote kwa vifuu vya nazi zilezile, pasipo kununua kipande cha mkaa. Apikie nje tu, moshi wake si wa mchezo.

Mafuta yameiva povu likitulia, mlio wa kuchatata ukikoma, na chembe zilizozama zikageuka rangi ya asali. Huo mlio ni maji yanayotoka. Anayeepua kabla haujakoma amejifungia maji kwenye chupa, na mafuta yenye maji huchacha mapema. Zile chembe za chini si za kutupa: Ufilipino huzinyunyizia juu ya vitumbua vyao vya mchele unaonata, na huko wanajua wanachokifanya.

Tunaposhindana na kiwanda, mambo yanakuwa magumu. Kiwanda hakikamui tui, kinakamua mbata, yaani nyama ya nazi iliyokaushwa. Tani moja ya mbata hutokana na nazi 5,000 hadi 6,000 na hutoa kilo 600 na ushei za mafuta. Ukigawanya, lita moja ya kiwandani imetumia nazi 8 tu, pale ambapo mbuzi wetu imekula 15. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ya nazi 7 ni yale mafuta tuliyoyaacha kwenye machicha na maji ya chini. Katikati ya mwaka 2025 bei ya mafuta ya nazi ghafi katika soko la dunia ilivuka dola 2,500 kwa tani, bei ambayo wafanyabiashara hawakuizoea. Ukame wa El Niño ulikuwa umepunguza mavuno Asia, na Ufilipino tangu Oktoba 2024 ilikuwa imeongeza kiwango cha mafuta ya nazi kinachochanganywa na dizeli hadi asilimia 3, kwa hiyo malori ya Manila yakawa yanagombea nazi na masufuria. Na hata kwa bei hiyo ya juu, lita moja ilikuwa kama shilingi 6,000 kabla ya usafiri, ushuru, usafishaji na chupa. Indonesia, Ufilipino na India huvuna karibu robo tatu ya nazi zote za dunia. Tanzania, pamoja na Mafia na Unguja na Pemba na mwambao wote, haifikii asilimia 1.

Kwa hiyo anayetaka lita kwa lita za kukaangia, hana sababu ya kujitesa. Hesabu inageuka pale kipimo kinapokuwa kidogo.

Fikiria mlo wa Jumapili: nazi moja ya wali, nyingine ya samaki wa kupaka. Mbuzi imeshatolewa, kifumbu au chujio limeshalowa, mikono imeshachafuka. Ukikuna nazi ya tatu, gharama yake ni shilingi 1,000 na dakika 10 za ziada. Tui lake linalala, kesho yake utando unakaushwa kwenye sufuria ndogo kwa moto unaobaki baada ya chai. Umepata mililita 67. Kwa shilingi ni uwiano uleule wa 15,000 kwa lita, lakini zile saa 3 zimeyeyuka, kwa kuwa kazi kubwa ulikuwa unaifanya kwa ajili ya chakula. Chupa ya dukani ya mililita 100 ikiuzwa chini ya shilingi 1,500, soma maandishi yake vizuri kabla ya kufurahi. Ikiuzwa 5,000, nazi ya tatu imekushindia mara tatu.

Mililita 67 zinatosha nini? Kichwa kimoja kikipakwa mililita 10 kwa wiki, kijiko kisichojaa, zitakwenda wiki 6 na zaidi. Mwaka mzima ni nusu lita, nazi 8. Haya ni matumizi ambayo nazi inayastahili. Mwaka 2003 watafiti wa Mumbai, Rele na Mohile, walilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini kwenye nywele, wakakuta ni ya nazi tu yaliyopunguza upotevu wa protini ya unywele. Sababu waliyoitoa ni asidi ya lauriki, ambayo ni karibu nusu ya mafuta ya nazi: molekuli yake ni fupi na nyoofu, inapenya ndani ya unywele badala ya kukaa juu. Haki iende mahali pake, watafiti hao waliajiriwa na kampuni ya Marico, inayouza mafuta ya nazi. Lakini bibi zetu wa mwambao hawakuajiriwa na mtu, nao walipaka kabla ya kuosha, jinsi jaribio lilivyoonyesha kunafaa.

Mwili mzima ni hadithi nyingine. Madaktari wa ngozi hukadiria kwamba kumpaka mtu mzima mara moja, kichwa hadi unyayo, huhitaji gramu 20 hivi za mafuta mazito. Kila siku kwa mwaka ni kilo 7.3, karibu lita 8, yaani nazi 120. Mnazi mrefu wa kwetu hutoa nazi 30 hadi 40 kwa mwaka, na huanza kuzaa ukiwa na miaka 6 hadi 8. Mtu mmoja anayejipaka kwa ukarimu anamaliza minazi mitatu au minne peke yake! Akijipaka ngozi ikiwa bado na unyevu wa kuoga, theluthi ya kiasi hicho itatosha. Na je, ngozi inapata kitu ambacho mafuta ya bei poa hayatoi? Ufilipino mwaka 2004 watu 34 wenye ngozi kavu walipakwa kwa wiki mbili, wengine mafuta ya nazi, wengine mafuta ya madini, jamaa wa vaselini. Makundi yote mawili yalipata nafuu, wala hakuna lililolishinda jingine. Mwenye kopo la vaselini nyumbani asijione ameachwa nyuma. Mwenye uso wa chunusi ndiye asiguse kabisa ya nazi, yanaziba vinyweleo.

Machicha ndiyo yanayosahaulika. Tumeona sehemu kama nne katika kumi za mafuta hazikutoka, na nyingi zimo humo. Ukiyasugulia mwili bafuni yanang'oa uchafu na kuacha mafuta kwa mkupuo mmoja. Ongeza liwa au karafuu iliyosagwa kidogo na umeshaukaribia mlango wa singo bila gharama ya singo. Yanayobaki ni ya kuku. Sinki ndiyo isipewe, maana fundi wa mabomba naye ana bei yake.

Tumboni hesabu inabana zaidi. Karibu asilimia 90 ya mafuta ya nazi ni mafuta yale yanayoganda, ambayo Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa anayekula kalori 2,000, hiyo ni gramu 22. Nazi moja iliyokamuliwa huingiza chunguni gramu 62 za mafuta. Watu 6 wakigawana, kila mmoja amekula kama gramu 9 za yale yanayoganda. Wali wa nazi na samaki wa kupaka kwenye sahani moja ni nazi mbili, gramu 18, na chai ya maziwa ya jioni bado haijanywewa. Mlo huo mara moja kwa wiki hauna ugomvi na mtu. Kila siku, ni hesabu tofauti: uchambuzi wa majaribio uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la Circulation ulikuta mafuta ya nazi, yakilinganishwa na ya mimea kama alizeti, hupandisha lehemu mbaya kwa miligramu 10 hivi kwa desilita ya damu. Uasili wa nazi hauingii kwenye hesabu hiyo. Tui jepesi linaingia: nazi moja badala ya mbili, tui la pili likapikia wali na la kwanza likamalizia samaki.

Wa Njombe na Arusha wana lao la ziada. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 au 25, kwa hiyo chupa iliyotoka Tanga ikiwa maji huamka huko juu ikiwa nyeupe na ngumu. Si kwamba yamechakachuliwa. Iweke chupa kwenye maji ya uvuguvugu.

Kinachobaki ni msimu. Ramadhani ikiingia kila jiko la mwambao linataka tui la futari na nazi hupanda bei. Ikifika 1,500, lita ya nyumbani inaanzia shilingi 22,500 kwa nazi tupu. Mafuta yaliyokaushwa maji vizuri na kufungwa mbali na jua hukaa miezi bila kuchacha. Nyumba ya watu 5 hutumia kichwani mililita 200 kwa mwezi, na hizo zinatoka kwenye nazi 3 za ziada zilizokunwa mwezi wa Shaabani, bei ikiwa bado 1,000.